Shati la Damu ya Mzee

4 Juni

Mama,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, na Kifungo ndiye hajambo kupita kiasi. Jana kapanda juu ya kabati la vyombo, anasema ni paa. Nilimshusha haraka. Tangu baba yao ateleze kwenye paa la watu, mtu akipanda hata stuli nyumbani kwangu, roho inanitoka.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Unaitikia "eh, eh" mpaka mwisho, halafu unauliza, "Kwani nani mwenzangu?"

Nataka tupige picha ya familia. Ya nje, kwenye bustani ya manispaa, siyo ile ya studio yenye pazia la maporomoko ya maji. Unakumbuka baba yao tulivyokuwa tukimwambia habari ya picha? "Nikimaliza paa hili." Mapaa hayakuisha. Siku ya msiba tukakuza ile ya kitambulisho, akaonekana kama mtu aliyeitwa polisi. Sitaki hayo yatokee tena kwa yeyote kati yetu.

Mpiga picha kanipa masharti kama mganga. Tusivae kijani, maana nyuma kuna ua wa michongoma na tutabaki vichwa vinavyoelea. Tusivae nyeupe ya kung'aa, jua litakula nyuso. Madrafti madogo hapana, maandishi kifuani hapana. Na tusivae sare moja kama kwaya. Anasema rangi ziwe ndugu, zisiwe mapacha.

Naomba utushonee wewe. Umewavisha watoto wa shule mji mzima, utashindwa na sisi? Chagua rangi, mimi nitume vipimo. Nawe uje usimame nasi.

Nina neno jingine, lakini nitaliandika barua ijayo. Karani ananiita, daftari lake limeingia maji.

Mwanao,
Mama Karani


11 Juni

Mkwe wangu,

Marahaba. Mwache Kifungo apande, ila mwambie jina hilo nilimpa kwa kumeza kifungo cha koti langu, asije akameza na bawaba za kabati nikalazimika kumpa jina jingine.

Umenifurahisha. Tangu nipokee barua yako nimefungua lile sanduku la chini ya kitanda, ambalo hata panya wamelikatia tamaa. Mna kitambaa cha damu ya mzee. Hiyo ndiyo rangi yake mwanangu, unajua mwenyewe. Akiivaa alikuwa anapita mbele ya kioo akijifanya anatafuta nyundo. Na damu ya mzee haigombani na majani. Mwambie mpiga picha wako na sisi wengine tuna macho.

Karani nitamshonea gauni la marinda. Wewe blauzi. Kifungo kaptura tu, na juu avae fulana ya rangi ya mchanga, ili tusiwe kwaya. Mimi gauni la kola. Kitambaa hakijai jora, lakini kwa mkono wangu kitatosha, na kitabaki cha mtu mzima mmoja.

Huyo mmoja nimeshamfikiria. Nitashona na shati lake. Tutalitandika juu ya kiti, kiti kikae katikati, watoto wasimame huku na huku. Picha ya familia asimokuwemo yeye mimi sitaijua ni ya nani.

Umesema una neno jingine. Liseme. Mimi nimezika mume, nimezika mtoto, neno gani tena litanishinda?

Mama yako,
Fundi


15 Juni

Dada,

Yule mama ataniua kwa wema wake.

Nilimwandikia kuhusu picha, nikiwa nimepanga mwishoni nimwambie habari za Mwokaji. Kalamu ikagoma. Nikamwambia nina neno jingine, kisha nikamsingizia mtoto kaniita. Hata hakuniita, Dada, alikuwa shuleni.

Sasa anataka kutandika shati la marehemu kwenye kiti, katikati! Na Mwokaji asimame wapi, nyuma ya kiti kama mhudumu? Wewe umeshakutana naye. Ni mtu anayeingia jikoni pale hotelini na trei za mikate, anapita kwanza chumba chetu cha pasi kuuliza kama nimekula. Hajawahi kunilazimisha nimsahau mtu. Picha hii alisema tupige kabla ya kuhamia mji wa kwao mwisho wa mwaka, ili watoto wakifika nyumba mpya wakute wako ukutani tayari. Nilitaka Mama naye awe ukutani. Nilitaka atushonee sote nguo moja, kwa mkono wake, iwe ndiyo baraka yake.

Lakini nikimwambia naolewa, atasikia nimemzika mwanawe mara ya pili. Na nikimwambia tunahama, kutoka kwake hadi huko ni safari ya siku mbili. Amebaki na watoto hawa tu.

Nifanyeje?

Mdogo wako


19 Juni

Mdogo wangu,

Mficha uchi hazai. Unajua hilo, umelisikia tangu uko mgongoni.

Andika hivi: "Mama, nimepata mtu." Basi. Baada ya hapo weka nukta, uende ukapige pasi zako. Mtu mwenyewe si mwizi, ni mwokaji. Angekuwa mlevi ningesema ficha kidogo.

Yule mama ni fundi. Fundi humwambii kitambaa kimepungua baada ya yeye kukata. Mwambie kabla hajashika mkasi.

Dada yako


24 Juni

Mama,

Shikamoo. Rangi tumeipenda sote. Mpiga picha kasema una jicho.

Karani ndiye aliyetupima sisi watatu, na hakubali kupimwa na mtu mwingine. Vipimo vyake, vyangu na vya Kifungo kaviandika kwenye karatasi ya pili kwa mwandiko wake mzuri, ili usinilaumu mimi.

Kuhusu lile shati la mwanaume, vipimo nimechukua mwenyewe kwa tepu uliyonipa siku ya harusi. Ni bega kumi na sita, mkono ishirini na mbili, kifua thelathini na sita. Naomba ushone kwa vipimo hivyo hivyo, Mama. Ukiona kuna la kuuliza, niulize. Nitakujibu kweli.

Mwanao,
Mama Karani


6 Julai

Mkwe wangu,

Furushi hilo kwa mkono wa dereva wa basi. Nimemwambia akilikalia nitamjua kwa mikunjo.

Vipimo vyako vilinichekesha, kisha vikaniliza. Bega kumi na sita! Mwanangu, hilo ni bega la mtoto wa darasa la saba. Umemsahau mumeo. Bega lake lilikuwa kumi na tisa, na la kushoto limeshuka kidogo kwa kubeba mbao. Mkono ishirini na sita. Ndiyo maana mashati ya dukani yote yalimwishia katikati ya mkono, akawa kama mtu anayetaka kunawa.

Sikulaumu. Mwili wa mtu hupotea haraka. Mimi mwenyewe sauti yake imeanza kunitoka, juzi nimeitafuta siku nzima nikapata kikohozi chake tu. Lakini vipimo sijavisahau. Nimempima tangu akiwa wa kubebwa, kila sikukuu, kila shule inapofunguliwa. Kwa hiyo vyako nimeviacha, nimekata kwa vyangu. Bega la kushoto nimelishusha vilevile.

Nilipomaliza nikalitundika kwenye hanga dirishani. Upepo ukaingia mikononi, ukaijaza. Nikamwambia, "Karibu chakula." Usinicheke. Nilikuwa peke yangu na sufuria.

Mikono yake mirefu itandaze vizuri kwenye kiti, mmoja umguse Karani, mwingine Kifungo.

Gauni langu bado sijalikata, kitambaa chake kipo mezani. Niambie siku, nipande basi. Na lile neno jingine lako hujaliandika hadi leo. Au lilikuwa hilo la shati, ukaona haya kuniomba? Usione haya. Hakuna kazi niliyowahi kuifanya kwa raha kama hii.

Mama yako,
Fundi


10 Julai

Mama,

Shikamoo.

Vipimo sikukosea.

Nimeandika mstari huo nikakaa nao asubuhi yote. Shati nililoomba lilikuwa la mtu mwingine. Ni mwokaji, analeta mikate pale kazini. Anataka kunioa na mimi nimekubali. Mwisho wa mwaka anarudi mji wa kwao, nasi tutahamia huko, mimi na watoto. Picha ni ya nyumba hiyo. Nilitaka wewe uwemo, na yeye awemo, wote katika kitambaa kimoja, na nikaogopa kusema, nikatumaini utaona vipimo uniulize. Nilikutupia wewe mzigo wangu. Sikujua utaubeba hivyo.

Mumeo wangu sijamsahau. Naandika "mumeo" na ni mwanao, tazama nilivyochanganyikiwa. Bega lake la kushoto nalijua, Mama. Nimelilalia miaka yote ile.

Mwokaji alilijaribu shati kabla sijaisoma barua yako. Watoto walikuwa wamefungua furushi. Mikono ikamfunika vidole, bega likamwangukia. Sasa sijui nifanye nini nalo. Kuna fundi hapa mtaani anasema anaweza kulipunguza. Ukiniambia nisilipeleke, sitalipeleka. Ukiniambia nisiolewe...

Hilo usiniambie, nakuomba. Niambie lingine lolote.

Mwanao, kama bado ni mwanao


28 Julai

Kwa Bibi,

Shikamoo Bibi. Mimi ni Karani. Mama hajui kama nakuandikia, stempu nimepewa na Dada mkubwa wa Mama.

Mbona hujibu? Unaumwa? Gauni langu limenikaa vizuri sana, marinda yake nikizunguka yanasimama kama mwavuli. Mama kalitundika, hataki nilivae mpaka siku ya picha, na siku ya picha haijulikani.

Anko alivaa shati ulilotuma akawa kama kanyang'anywa mikono. Tukacheka. Yeye pia alicheka. Halafu Mama akasoma barua yako akalia, Anko akalivua taratibu, akalikunja vizuri kama alivyolikuta, akatoka kwenda kukaa nje. Sasa mtu akisema shati, Mama anakwenda jikoni kuosha vyombo visafi.

Bibi, lile shati lilikuwa la Baba? Kama ni la Baba mimi sikutaka kucheka. Naomba unisamehe. Nilikuwa sijui.

Kifungo anakusalimia, jino limemtoka.

Mjukuu wako,
Karani


5 Agosti

Mkwe wangu,

Mwambie Karani sijamkasirikia hata chembe. Shati likimpwaya mtu linachekesha, hata baba yake angecheka, tena angecheka kuliko wote. Mwambie siumwi.

Wewe nilikukasirikia. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye cherehani, nikajifanya naendelea na kazi, sindano ikapita kwenye ukucha. Kwa siku kadhaa nilikuwa nakujibu kwa sauti, nikitembea humu ndani, maneno ambayo nisingependa Mungu ayaandike.

Sikukasirika kwa sababu unaolewa. Wewe bado kijana, na nyumba yenye watoto wawili haiegemei ukuta mmoja. Nilijua siku hiyo itakuja, nilikuwa naomba tu inikute sipo. Nilichokasirikia ni hiki: ulinipa vipimo vya mtu mwingine ukaniacha nimshonee mwanangu. Nilikuwa nimeanza kuzoea kuwa hayupo. Nilipolishika lile shati akarudi, nikamkaribisha chakula, halafu barua ikaja ikamtoa tena mlangoni. Umenifanya nimfufue nimzike, na safari hii hapakuwa na mtu wa kunishika mkono.

Hayo nimekwisha kuyasema. Sitayarudia.

Shati nirudishie. Fundi wa mtaani asiliguse. Nimesema asiliguse.

Humu ndani kuna shati jingine, bega kumi na sita, mkono ishirini na mbili, kifua thelathini na sita, kama ulivyoandika. Ulipima sawasawa, nilikufundisha vizuri. Mtu aliyelikunja lile shati kama alivyolikuta anastahili lake linalomtosha. Kola ikimkaba afungue kifungo cha juu, ndivyo nilivyokata.

Kitambaa ni kile cha gauni langu. Hakikubaki kingine. Kwa hiyo kwenye picha sitakuja. Mpiga picha wenu alisema rangi ziwe ndugu, na mimi sina tena cha rangi hiyo.

Fundi


10 Agosti

Mama,

Shikamoo. Shati hilo, nimelipiga pasi kwa mkono wangu, siku ya mapumziko, chumba kizima kikiwa kimya. Bega la kushoto nalo nimelipiga pasi likiwa limeshuka vilevile.

La Mwokaji limemkaa kama ngozi. Alipolivaa alifungua kifungo cha juu. Akaniuliza mama huyu atakubali lini apokee mkate wake.

Tutapiga picha Jumamosi, tarehe ishirini na tatu, saa kumi na moja jioni, jua likishalainika. Njoo, Mama. Njoo na nguo ya rangi yoyote. Njoo na kijani tukuone kichwa tu. Nitamwambia mpiga picha masharti yake ayaweke mfukoni.

Mwanao


25 Agosti

Mama,

Shikamoo. Tulikungoja mpaka mpiga picha akaanza kutazama mawingu. Kila basi lililopita barabarani Karani aliinua mkono.

Picha ndiyo hiyo. Utaona pengo upande wa kulia wa Karani. Mpiga picha alipiga kelele, "Sogeeni, sogeeni, mmeacha nafasi!" Kifungo akamjibu, "Hapo pana mtu." Mwokaji akasogea pembeni zaidi, ndiyo maana bega lake moja limekatwa. Hakutaka ipigwe tena. Alisema hiyo hiyo.

Haikutoka nzuri. Mimi nimefumba macho. Lakini rangi, Mama, ungeiona rangi yako kwenye lile jua.

Nimeshakuomba msamaha mara nyingi kichwani hata sijui kama nimeuandika. Nisamehe. Tunahama mwisho wa mwaka. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


3 Septemba

Mwanangu,

Picha nimeipokea. Nimeiweka juu ya cherehani, imeegemea kikopo cha vifungo. Rinda moja la Karani limekaa upande, mwambie wakati mwingine akisimama avute pumzi kwanza. Mwokaji ana uso wa mtu anayeamka mapema. Jino la Kifungo nimeliona halipo.

Nilikuwa nimefunga mkoba, usidhani sikufunga. Nilifika mpaka mlangoni. Kisha nikajiona nikisimama pale na furaha ya kuazima, mwaka baada ya mwaka niwe ukutani mwenu nikiwatazama mkila, nikarudi nikaketi.

Saa kumi na moja ilipofika nikalivaa lile shati. Ndilo la rangi yenu lililobaki. Mikono ilinifunika vidole na kuendelea, mabega yakaniangukia yote mawili. Nikatoa kiti uani, nikakaa juani, nikanyooka kama mtu anayepigwa picha. Nilitazama upande wa kwenu. Hapakuwa na wa kupiga. Nilikaa mpaka jua likaondoka, nikaingia ndani nikapika.

Nimekusamehe. Ilinichukua muda kwa sababu nilikuwa naitafuta hasira na siioni, nikaona aibu kukwambia.

Oleweni. Hameni. Mkate nitaupokea.

Jambo moja tu nakuomba. Gauni la Karani nimeliacha na upindo mpana kwa ndani, na kiunoni kuna kitambaa nimekificha kwa makusudi. Kaptura ya Kifungo hivyo hivyo. Watoto hao wataota kama majani. Likianza kumpanda magotini, usimpe fundi mwingine alifumue.

Mlete kwangu.

Mama yako,
Fundi